Afya ya Nyumba Yetu: Uvimbe wa Kinena na Paja, Haya Isiwe Kizuizi



Wasomaji wetu watukufu, yako maradhi ambayo watu huyataja barazani bila ya kusita: homa, kikohozi, kisukari, presha. Na yako mengine ambayo mtu huyabeba peke yake kwa miezi na miaka, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa yako mahali ambapo ulimi huona uzito kupataja. Uvimbe wa kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo, ni katika haya ya pili. Mama huugundua akikoga, akaufunika kwa leso, akanyamaza. Humwambia dada yake baada ya mwezi, humwambia mumewe baada ya miwili, na daktari huwa wa mwisho kujua, pengine usiku wa manane, maumivu yakiwa yameshamshinda.

Juma hili tumeona tulizungumze jambo hili kwa uwazi na kwa adabu. Hatuandiki ili mtu ajitibu mwenyewe kwa kutusoma. Twaandika ili kila nyumba ijue uvimbe upi waweza kungojewa siku chache, upi wahitaji daktari juma hili, na upi hauwezi kungoja hata kupambazuke.

Kilichoko mahali hapo

Kinenani ni kama njia panda. Hapo hupita mshipa mkubwa upelekao damu mguuni, na jirani yake mshipa urudishao damu moyoni. Hapo pana matezi madogo mfano wa punje za kunde, ambayo kazi yake ni kuchuja maji ya mwili yatokayo mguuni, makalioni na sehemu za siri, na kupambana na vijidudu kabla havijaenea. Hapo pia ukuta wa tumbo una vipenyo vya asili. Na juu ya yote hayo iko ngozi yenye nywele, jasho na msuguano.

Kwa hivyo uvimbe wa hapo waweza kutoka katika tezi, katika ngozi, katika utumbo, katika mishipa ya damu au katika mafuta ya mwili. Neno ni moja, maradhi ni mengi, wala dawa si moja.

Mtoki

Uvimbe tuujuao zaidi ni mtoki, yaani tezi la kinena lililovimba. Mtoto akikanyaga kigae, mvuvi akikatwa na matumbawe, mama akichomwa na mwiba wa samaki au akikwaruzwa na paka mguuni, vijidudu huingia kidondani na tezi la upande ule ule huvimba na kuuma. Funza wa vidoleni hufanya hivyo hivyo. Kadhalika ngozi iliyopasuka kati ya vidole kwa fangasi, jambo ambalo huwapata wengi ambao miguu yao haikauki. Kuipangusa baina ya vidole kila baada ya udhu ni kinga ndogo yenye faida kubwa.

Basi mwenye mtoki asitazame kinena peke yake. Autazame mguu wote, kuanzia kucha mpaka makalioni, atafute kidonda, mkwaruzo, jipu au ukurutu. Kidonda kikisafishwa na kutibiwa, aghalabu mtoki huanza kunywea katika muda wa wiki mbili. Ukizidi muda huo, au ukizidi kukua, au mgonjwa akipandwa na homa na wekundu ukapanda mguuni, ni wajibu kwenda hospitali.

Watu wengine, hasa wembamba, huweza kupapasa punje ndogo zinazoteleza chini ya kidole, haziumi wala hazikui. Hayo ni matezi ya kawaida, na hayahitaji dawa.

Iko sababu nyengine ya mitoki ambayo hatuwezi kuiruka. Maradhi ya zinaa kama kaswende, pangusa na malengelenge ya sehemu za siri huvimbisha matezi haya, na virusi vya Ukimwi huweza kuvimbisha matezi ya mwili mzima, shingoni na kwapani pia. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, kikapona chenyewe, na mtu akadhani amepona ilhali ugonjwa umezama mwilini. Mama mjamzito mwenye kaswende humwambukiza mtoto tumboni, na hii ndiyo sababu kliniki hupima damu ya kila mjamzito. Ugonjwa huu hutibika kwa penisilini, mradi mume na mke watibiwe pamoja.

Lakini hapa twatilia mkazo: mtoki peke yake si ushahidi wa zinaa. Mwiba wa mguuni hufanya mtoki ule ule. Ndoa zisivunjwe kwa dhana, na mume au mke asituhumiwe kabla ya kipimo. Anayemwona mwenzake na uvimbe ampeleke kupimwa, si kumhoji.

Majipu na kunyoa

Kuondoa nywele za kinenani ni katika sunna za maumbile, na imewekwa isizidi siku 40. Tendo ni la usafi, ila namna tunavyolifanya ndiyo huleta majipu. Wembe butu, wembe wa watu wawili, kunyoa pakavu au kunyoa kinyume cha nywele huacha michubuko, na baadhi ya nywele hukua kurudi ndani ya ngozi. Hutokea kipele, kikawa jipu, likauma kila hatua.

Njia iliyo salama ni kulainisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kutumia wembe mpya wa mtu mmoja, kufuata mwelekeo wa nywele, na kuvaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana. Jipu likishatokea lisikamuliwe. Likandwe kwa kitambaa safi kilichochovywa maji ya moto ya kadiri, kama dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Likizidi kuwa kubwa, likija na homa, au mgonjwa akiwa na kisukari, apelekwe kituo cha afya likapasuliwe kwa usafi. Na mtu ambaye majipu yanamrudia kila mara apimwe sukari, kwani mara nyingi kisukari hujulikana kwa njia hiyo.

Wako pia akina dada ambao majipu yao hayaishi kinenani na kwapani, yakipona huacha makovu na vijitundu vinavyotoa usaha. Huo ni ugonjwa wa muda mrefu wa vinyweleo. Si uchafu wala haumwambukizi mtu. Daktari wa ngozi anazo dawa za kuupunguza, na hakuna sababu ya mwenye nao kujitenga na wenziwe.

Ngiri, na kwa nini wanawake wasiipuuze

Watu wengi hudhani ngiri ni maradhi ya wanaume tu. Ni kweli kwamba wanaume huipata zaidi, lakini iko aina moja inayowaelekea zaidi wanawake, nayo ndiyo ya hatari.

Ngiri ni sehemu ya utumbo au mafuta ya tumboni kupenya katika udhaifu wa ukuta wa tumbo na kutokeza chini ya ngozi. Alama yake ni uvimbe unaojitokeza mtu akisimama muda mrefu, kama katika swala ya tarawehe, au akikohoa, akiinua mtungi wa maji, au akijikamua chooni. Kisha ukarudi ndani akilala. Kikohozi cha siku nyingi, kufunga choo, mizigo mizito na mimba za mara kwa mara huongeza udhaifu huo.

Ngiri ya kawaida hutokea juu ya mkunjo wa kinena, na kwa mwanamume huweza kushuka mpaka korodani. Ile iwapatayo wanawake zaidi, hasa waliokwisha kuzaa na waliofikia utu uzima, hutokea chini ya mkunjo, mwanzo wa paja. Aghalabu ni ndogo, pengine kiasi cha kungumanga, na mara nyingi hairudi ndani ikisukumwa. Kwa hivyo hudhaniwa kuwa ni mtoki. Mama hupaka mafuta, hukanda, hungoja. Lakini tundu lilimopita ni jembamba na kingo zake ni ngumu, na utumbo ukinaswa humo damu haufikii tena. Sehemu hiyo ya utumbo huanza kufa katika muda wa saa chache.

Ndiyo maana madaktari hushauri ngiri ya paja ifanyiwe upasuaji mapema, hata kama haiumi. Upasuaji uliopangwa ni jambo la kawaida, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile au siku ya pili. Upasuaji wa dharura, utumbo ukiwa umeshaoza, ni jambo jengine kabisa.

Kila mmoja nyumbani azijue dalili hizi za hatari: uvimbe uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi, umekuwa mgumu na unauma sana, ngozi yake imekuwa nyekundu au nyeusi, mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, wala hatoi choo wala upepo. Moja ya haya likitokea pamoja na uvimbe, mgonjwa apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji saa ile ile. Asilishwe wala asinyweshwe kitu njiani, na uvimbe usisukumwe kwa nguvu.

Kwa watoto wetu

Mama akimwona mtoto mchanga ana uvimbe kinenani unaotoka akilia na kupotea akilala, ajue hiyo ni ngiri, nayo huwapata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Watu huichanganya na ngiri ya kitovu. Ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto akiendelea kukua, mara nyingi kabla ya miaka 5. Ya kinena haijifungi. Kumfunga mtoto kitambaa, sarafu au hirizi hakuzibi tundu. Hupoteza siku tu, na utumbo wa mtoto mchanga hunaswa upesi. Kwa mtoto wa kike, kinachotokeza huweza kuwa ni kifuko cha mayai ya uzazi, kwa hivyo naye asicheleweshwe.

Mtoto wa kiume huweza pia kuwa na korodani iliyobaki kinenani bila kushuka. Siku ya kumtahiri ni nafasi nzuri ya kumwuliza daktari kama zote mbili zimefika mahali pake. Ikiwa moja haijashuka mtoto akifika miezi 6, aonwe na daktari wa upasuaji, na ni bora atengenezwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Kuiacha hupunguza uwezo wake wa kuzaa hapo baadaye, na huongeza hatari ya saratani ya korodani.

Na kijana akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani, asiachwe alale mpaka asubuhi. Huenda imejisokota, na baada ya saa 6 hivi matumaini ya kuiokoa huanza kupungua.

Mabusha na matende

Pwani yetu, kuanzia Kwale na Kilifi hadi Tana River na Lamu, ni katika sehemu za Kenya zinazojulikana kwa maradhi ya matende. Huletwa na minyoo midogo mfano wa nyuzi, ambayo huenezwa na mbu na kukaa katika njia za maji ya mwili. Baada ya miaka mingi njia hizo huziba na kuharibika. Mwanamume hujaa maji korodani, nalo ndilo busha au ngirimaji. Mwanamke au mwanamume huvimba mguu, na matezi ya kinena huuma kila mara pamoja na homa.

Serikali imekuwa ikiwagawia watu wa Pwani dawa za kuua vijidudu hivi, na dawa hizo humezwa hata na asiyehisi ugonjwa, kwa sababu mtu huweza kuwa na minyoo damuni kwa miaka bila dalili yoyote. Busha huondolewa kwa upasuaji, na si aibu kwa mzee wala kijana. Mwenye mguu uliovimba auoshe kila siku kwa sabuni, aukaushe vizuri, auinue akikaa, na auchezeshe kifundo. Mambo haya manne hupunguza sana homa za mara kwa mara. Na sote tulale ndani ya chandarua, tukafunika mapipa na mashimo ya maji machafu.

Mishipa ya damu

Uvimbe laini juu ya paja, wenye rangi ya samawati chini ya ngozi, unaojaa mtu akisimama na kutoweka akilala, huenda ni mshipa wa damu uliopanuka. Wajawazito hupata jambo hili: mishipa ya kinenani hujaa kwa uzito wa mimba, ikafanana na ngiri, kisha ikanywea baada ya kujifungua. Hata hivyo daktari ndiye atakayetofautisha, kwa picha ya ultrasaundi.

Uvimbe unaopiga kama moyo ni wa hatari, kwani huenda ni mshipa mkubwa wa damu uliotanuka. Usibonyezwe, usikandwe wala usichanjwe. Na mzazi aliye ndani ya arobaini, akiona mguu mmoja umevimba wote na unauma pajani au kwenye shavu la mguu, asidhani ni uchovu wa uzazi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likipanda kifuani laweza kuua. Akianza kubanwa na pumzi, ni dharura.

Uvimbe usiouma

Si kila kisichouma ni salama. Uvimbe laini unaosogea chini ya ngozi na kukaa miaka bila kubadilika huenda ni wa mafuta tu, hauna madhara. Lakini uvimbe mgumu, ulioshikamana, usiosogea, unaokua polepole bila maumivu, huo ndio utupao wasiwasi. Saratani ya mlango wa uke, ya sehemu za siri za nje, ya njia ya haja kubwa, au ya ngozi ya mguu huweza kufika katika matezi ya kinena. Saratani ya ngozi kwa watu weusi hupenda kujificha katika wayo na chini ya kucha, kama doa jeusi linalotanuka. Saratani ya matezi yenyewe na kifua kikuu cha matezi huja pia na homa, jasho jingi la usiku na kupungua mwili bila sababu.

Daktari huchukua chembe za uvimbe kwa sindano, au kipande kidogo, zikatazamwe kwa hadubini. Wako wanaosema kwamba uvimbe ukiguswa na sindano saratani huenea. Dhana hii imewachelewesha wengi. Bila kipimo hicho daktari hajui anachokitibu.

Yasiyofaa, na ya kujiandaa nayo

Uvimbe usiojulikana usichuliwe na mkandaji, usichanjwe chale, wala usipigwe chuku juu yake. Hatusemi haya kwa kudharau tiba za wazee wetu wala hijama. Twasema kwamba hakuna tiba itangulizwayo kabla ya kujua ugonjwa. Wala tusinunue dawa za kuua vijidudu dukani tukameza siku mbili tukaacha.

Anayekwenda kwa daktari ajiandae na majibu haya: uvimbe ulianza lini; uko juu ya mkunjo au chini yake; hurudi ndani akilala; unauma; umekua; kuna kidonda mguuni; kuna homa, kupungua mwili, au kutokwa na uchafu au damu sehemu za siri. Maswali haya saba humfupishia daktari nusu ya kazi.

Haya yetu na haki yetu

Haya ni pambo la Muislamu, na hatutaki kulivua. Lakini wanawake wa Ansari walisifiwa kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kujifunza mambo ya dini yao. Na wanavyuoni wamebainisha kwamba haja ya matibabu huruhusu kufunua kile kinachohitajika kufunuliwa, kwa kiasi cha haja. Hutangulizwa daktari wa kike. Asipopatikana, yuko daktari wa kiume mwaminifu, na mgonjwa awe pamoja na mumewe, mahramu wake au mwanamke mwenzake. Ni haki ya mgonjwa kuuliza kwenye dirisha la hospitali: yuko daktari mwanamke leo? Na ikiwa hali ni ya dharura, kumngoja huyo mpaka utumbo ukaoza si haya tena, ni kujidhuru.

Twamalizia kwa waume na watoto wa kiume. Mama hufanya hesabu ya nauli, ya unga na ya ada ya chuo cha watoto kabla hajajihesabu mwenyewe. Akisema ana kitu kinenani, ameshapambana na nafsi yake siku nyingi mpaka neno hilo likamtoka. Asijibiwe kwa kicheko, wala kwa kuambiwa angoje mwisho wa mwezi. Atafutiwe usafiri, na asindikizwe. Na mama mkwe, shangazi au somo aliyeambiwa siri hii, amana yake si kuificha tu. Amana yake ni kumshika mkono aliyemwambia mpaka mlangoni kwa daktari.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na ajaalie elimu hii ndogo iwe ya manufaa. Amin.